Herufi Zilizoliwa na Chumvi

Hapa Tanga watu hawaji kwenye meza yangu wakasema "nirekebishie picha." Wanasema, "Nifotoshopie." Nifotoshopie suti. Nifotoshopie ukuta wa nyuma uwe wa buluu. Nifotoshopie marehemu akae katikati yetu kama vile alikuwepo harusini. Jina la bidhaa limegeuka kitenzi, limepata viambishi, na sasa linanyambulika kama kupika: kufotoshopu, kufotoshopia, kufotoshopiwa. Simlaumu mtu. Ila kwenye kompyuta yangu Photoshop haimo. Zimo programu tatu ambazo wengi wa wateja wangu hawajawahi kuzisikia: GIMP, Krita na Inkscape. Nikiwaambia kwamba zote tatu ni za bure, naona usoni mwao imani ikipungua.

Neno lenyewe lina matatizo yake. Aliyehangaika bure amehangaika pasipo faida. Aliyerudi bure amerudi mikono mitupu. Na ukitaka kumtukana mtu kwa maneno mawili, mwambie "bure kabisa." Kwa hiyo nikisema programu ya bure, mteja anasikia programu isiyofaa kitu, na hata nikimwambia kwamba Flow, filamu ya katuni iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ya ukoo huohuo, ananitazama kama ninayemtafutia kisingizio.

Neno ninalolihitaji ni jingine, nalo tunalo: huria. Tumelizoea kwenye soko huria na kwenye Chuo Kikuu Huria. Kwa Kiingereza, bure na huru vinabebwa na neno moja, na Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ametumia miaka mingi akifafanua analikusudia lipi. Kwake programu huria ni ile ambayo una ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua uone inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kumgawia mwenzako. Bei ni habari nyingine.

Mimi nilianza na bei. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja. Mtumiaji atalipia kila mwezi au kila mwaka. Kwa meza ya Ngamiani inayoishi kwa kadi za harusi, picha za pasipoti na stika za bajaji, malipo ya namna hiyo yanaanza kukudai kabla hujauza hata kadi moja. Steshenari nyingi nilizopita huukwepa mzigo huo kwa nakala zilizovunjwa kufuli, zinazozunguka kwa flashi pamoja na virusi vyake. Mimi nilizipakua hizi tatu kwa bando la usiku, moja baada ya nyingine, nikaanza kujifunza.

Kilichonifanya nibaki nazo si bei tena. Ni picha moja ya bibi yangu, na herufi tano au sita ambazo hazionekani.

Lakini kwanza vyombo vyenyewe, maana picha hiyo ilipita mikononi mwa vyote vitatu.

GIMP ilianza mwaka 1995 kama kazi ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa hadharani mwaka 1996. Ni fundi wa picha zilizokwisha kupigwa: kukata, kusawazisha mwanga, kuondoa madoa. Laptopu yangu ya RAM ya GB 4 inaibeba bila kulalamika. Ina tabia zake za kizee. Ukiiambia ihifadhi, inakupa faili la aina yake yenyewe, XCF, na ukitaka JPEG ya kumtumia mteja kwa WhatsApp unakwenda kwenye amri nyingine. Hadi lilipotoka toleo la 3.0, Machi 2025, kichujio ulichokiweka juu ya picha kiliganda humohumo. Sasa unaweza kurudi wiki ijayo ukakilegeza au ukakiondoa. Na haina desturi ya kujihifadhi yenyewe kila baada ya muda. Katika mji ambao umeme unaweza kuondoka saa nane mchana bila kuaga, kwa laptopu ambayo betri yake ilishakufa, vidole vyangu vimezoea Ctrl na S kama vinavyozoea tasbihi.

Krita ni mchoraji. Kazi yake ilianza mwaka 1999 ndani ya jumuiya ya KDE, na jina lake ni neno la Kiswidi la chaki. Mwanzoni ilitaka kufanya kila kitu, lakini tangu mwaka 2009 watengenezaji wake wameielekeza kwa watu wanaochora kutoka kichwani. Inautuliza mkono unaotetemeka. Inajihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache. Ukibonyeza W, turubai linaanza kujirudia pande zote: mstari unaotokea kulia unaingia kushoto. Yeyote aliyewahi kusanifu pindo la kanga anajua hiyo ni neema kiasi gani. Ubaya wake ni njaa: nikifungua picha kubwa yenye matabaka mengi, laptopu inaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Na maandishi yamekuwa udhaifu wake wa muda mrefu.

Inkscape ilizaliwa mwaka 2003, pale kundi la watengenezaji lilipojitenga na programu iliyoitwa Sodipodi, likachukua msimbo wake na kwenda nao njia nyingine. Hakukuwa na wizi. Leseni huria inaruhusu hivyo. Inkscape huchora kwa hesabu, kwa pointi na mikunjo, kwa hiyo jina la mashua nililolisanifu kwa upana wa kiganja linaweza kukuzwa mpaka lijae ubavu wa mashua pale Deep Sea bila kingo zake kuchakaa. Faili lake, SVG, ni maandishi matupu: ukilifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, unasoma kila umbo lilipo na lina upana gani.

Vijana wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza ipi bora. Mimi huwauliza wanataka kufanya nini: kukarabati, kuchora, au kupima? Kwa kazi nyingi swali hilo linatosha. Kwa picha ya bibi halikutosha.

Picha hiyo ilitoka Pangani, ndani ya sanduku la bati, chini ya vyeti na stakabadhi za zamani. Ni nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, na ndiyo pekee ya bibi tuliyobaki nayo. Nyuma yake kuna mwaka ulioandikwa kwa kalamu ya wino: 1974. Bibi, mama yake baba, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Amempa mpiga picha mgongo nusu, kisha amegeuza uso kumtazama. Mwanamke wa pwani haulizi kwa nini mtu asimame hivyo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yake. Na mtu akijifunga kiunoni, jina hukaa nyuma. Aliyesimama hivyo anataka jina lisomwe.

Hewa ya chumvi imeila. Doa la ukungu lenye upana wa kidole gumba limeanzia begani, limepita mgongoni, limeishia kwenye kanga. Jina linasomeka MWENYEWE NIMEKU, halafu doa. Baada ya doa, kitambaa kinajikunja na kuingia gizani.

Mwaka huohuo babu alioa mke wa pili.

Shangazi mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja wakati ule, anasema kanga iliandikwa MWENYEWE NIMEKURIDHIA. Shangazi mdogo, aliyekuwa na minane, anasema MWENYEWE NIMEKUKINAI. Baba hana ushahidi; alikuwa bado ananyonya. Shangazi mkubwa anasema kanga ililetwa kutoka Mombasa, anakumbuka ukingoni ile chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla. Shangazi mdogo anasema ilikuwa ya Urafiki, kile kiwanda cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, na kwamba aliikunja mwenyewe mara nyingi. Ukingo nao umeliwa.

"Mama alikuwa mtu wa subira," alisema shangazi mkubwa siku aliyoniletea picha.

"Subira si ububu, dada," mdogo wake akajibu.

Tulitaka picha itundikwe ukutani kabla ya hitima ya bibi, na kila mmoja wao alinivuta pembeni kwa wakati wake. Mkubwa aliniambia, "Mwanangu, ukiandika kukinai, umemvua nguo bibi yako mbele ya wajukuu." Mdogo aliniambia, "Ukiandika kuridhia, umemwosha babu yako kwa maji ya mama yangu." Niliwaitikia wote wawili. Moyoni nami nilikuwa na upande. Ningependa bibi awe amekinai, asimame na kiuno chake kiseme hivyo, lakini nilijua kwamba hamu hiyo ni ya umri wangu na miaka hii. Haikutoka kwake.

Binamu yangu alikuwa ameshatafuta njia ya mkato. Aliipitisha picha kwenye programu moja ya simu, ya akili mnemba, inayodai kufufua picha za zamani. Baada ya sekunde chache ikamrudishia bibi mwenye ngozi ya tangazo la sabuni, macho yanayong'aa na pua isiyo yake. Kwenye kanga ilijaza kitu chenye sura ya herufi, lakini si herufi za lugha yoyote. Ukutani hapakuwa na ufa hata mmoja. Shangazi mkubwa aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kitambo, akauliza kwa upole, "Huyu nani?"

Kukosea kwake sikukushangaa, maana mashine ilikuwa inakisia kama mtu yeyote. Kilichoniudhi ni kwamba haikuacha alama ya mahali ilipokisia. Ufa wa kweli, pua ya kubuni, herufi za uongo: vyote vilitoka vimelainishwa kwa mkono mmoja, na hakukuwa na njia ya kuvitenganisha tena.

Kwa hiyo niliskani picha upya, nukta 1200 kwa inchi, nikaifungua ndani ya GIMP. Skani yenyewe nikaiweka tabaka la chini kabisa na kuifunga isiguswe. Kila nilichofanya nilikifanya kwenye tabaka jipya juu yake. GIMP ina chombo cha kunakili, kinachobeba sehemu nzima na kuipachika penye ubovu kama ilivyo, na ina chombo cha kuponya, ambacho kikishabeba huilinganisha na mwanga wa pale inapowekwa. Kwa vyombo hivyo viwili ukuta wa chokaa ulipona jioni moja. Bega likafuata. Pindo la kanga lilikuwa na korosho zinazojirudia, kwa hiyo korosho iliyoliwa niliiazima kutoka kwa jirani yake. Hapo dhamiri haikunisumbua. Kitambaa kimechapwa kiwandani. Korosho ya kushoto na ya kulia zilitoka kwenye muundo mmoja, na ile iliyopo inatosha kuwa shahidi wa ile iliyopotea.

Nikafika kwenye jina. Neno halijirudii kama korosho.

Nikaanza kwa kupima. Niliipeleka picha Inkscape, nikachora mstari kuzunguka kila herufi iliyosalia, nikapata upana wake na nafasi iliyopo kati ya herufi na herufi. Hesabu ilionekana rahisi. Baada ya NIMEKU, kuridhia inahitaji R, I, D, H, I, A: herufi nne pana na I mbili nyembamba. Kukinai inahitaji K, I, N, A, I: herufi tatu pana na I mbili. Tofauti ni herufi moja pana. Jina la kanga huwekwa katikati ya upana wa kitambaa, kwa hiyo ningejua katikati ni wapi, ningejua jina linaishia wapi, na mabishano ya miaka hamsini yangekwisha kwa rula.

Lakini katikati ya kitambaa ilikuwa imefichwa na mgeuko wa kiuno. Na kanga haikutandazwa mezani. Ilizungushwa mwilini, ikakunjwa, na kila herufi inayokaribia ubavu inazidi kubanwa. Nikikadiria mkunjo namna moja, KURIDHIA inaenea sawasawa. Nikiukadiria namna nyingine, KUKINAI inaenea sawasawa. Inkscape ilinipa vipimo vyenye desimali tatu, na vyote vilikuwa vipimo vya kitu nilichokikisia mwenyewe.

Nikarudi GIMP kujaribu kujaza, nione tu lipi litakaa vizuri. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna mafunzo ya video yaliyoniambia.

Katika MWENYEWE NIMEKU kuna herufi nane tofauti: M, W, E, N, Y, I, K na U. Ukitaka kuandika KINAI, unazo K, I na N tayari, pamoja na I ya mwisho. Kinachokosekana ni A peke yake. Ukitaka kuandika RIDHIA, unayo I tu. R, D, H na A hazipo popote kwenye picha. Kwa hiyo neno chungu nililipata ndani ya dakika ishirini, kwa kunakili, likiwa na wino wake halisi, nyuzi zake halisi, hata chembe za karatasi za mwaka 1974. Neno tamu ilibidi nilichore. Nililichora ndani ya Krita, kwa brashi yenye chembechembe, nikiiga unene wa herufi za jirani, usiku mbili mfululizo laptopu ikivuma. Lilipendeza. Ila ukiyaweka maneno mawili sambamba, moja lilionekana limetoka kitambaani na jingine limetoka mkononi mwangu.

Nilikaa kitambo mbele ya kioo. Ningempa mtu asiyejua achague, angechagua kinai. Angesema macho yake yamemwambia. Nami nilitaka kinai, na hapa palikuwa na kitu kinachofanana na ushahidi. Lakini ile K haikutoka chini ya doa. Ilitoka kwenye NIMEKU, herufi mbili nyuma. Ile N ilitoka kwenye MWENYEWE. Chini ya doa hapakuwa na kitu chochote nilichokiona. Hoja pekee ya kinai ilikuwa kwamba herufi zake zilikuwa karibu.

Tangu siku ile nikizilinganisha programu hizi sianzi na orodha ya vitufe. Chombo cha kunakili kinavutia upande wa kile kilichopo. Brashi inavutia upande wa kile mkono unachokitaka. Rula inavutia upande wa kile kinachohesabika. Kwa picha za pasipoti mvuto huo haudhuru mtu. Kwa neno alilojifunga bibi kiunoni, mwaka aliopata mke mwenza, unadhuru, na hakuna kati ya vyombo hivyo vitatu kilichokuwepo Pangani siku ile.

Nikachapisha picha ikiwa imekarabatiwa kila mahali isipokuwa pale. Ukuta mzima, bega zima, korosho zote ukingoni. Na baada ya NIMEKU, doa, nililolisafisha kingo na kuliacha. Shangazi mkubwa aliivaa miwani, akaitazama, akaivua.

"Mbona hujamaliza?"

"Nimeishia pale ninapojua, shangazi."

"Mimi nimekwambia lilivyoandikwa."

"Na shangazi mdogo naye ameniambia."

Akaguna. "Kwani umenidai shilingi ngapi?"

"Sijakudai kitu."

"Basi ndiyo maana," akasema. "Kazi ya bure."

Aliitundika hata hivyo, upande wa kulia wa mlango, mahali ambapo jua haliifikii. Siku ya hitima niliwaona wageni wakisimama mbele yake, wakisoma, wakifika kwenye doa, wakijaza wenyewe kimoyomoyo. Midomo ya baadhi yao ilicheza. Sikuuliza walichojaza.

Kilichobaki ni faili. Humo maneno yote mawili yamo, kila moja kwenye tabaka lake, yote yamezimwa. Moja nimelipa jina "shangazi mkubwa," jingine "shangazi mdogo." Skani iko chini yao haijaguswa, na katikati yapo matabaka ya ukuta, bega na pindo, kila moja likiwa na jina lake, ili atakayefuata aone niliponakili na nilipochora. Nilihifadhi faili la Krita, na nakala ya aina ya ORA ambayo Krita na GIMP zote zinaisoma. Faili hilo la ORA kwa ndani ni zip tu, kifurushi chenye picha za PNG. Hata programu zote hizi zikifa, mtu mwenye kompyuta ya kawaida ataweza kulifungua kama anavyofungua kifurushi chochote, akalikuta kila tabaka limekaa mahali pake. Nina mteja aliyeniletea CD ya kadi yake ya harusi, mafaili yote yamo, na hakuna mashine niliyoipata inayoyafungua. Sikutaka bibi awe hivyo.

Niliyemkabidhi faili ni binti wa binamu yangu, mwenye miaka kumi na mitatu, mkono mwepesi kuliko wangu. Nilimwekea Krita kwenye laptopu ya nyumbani kwao, nikamwambia ni yake, agawe kwa rafiki yeyote anayetaka, hakuna wa kumkamata. Hilo lilimshangaza kuliko brashi zote. Tulipata shida kwenye maneno, maana menyu tuliyoifungua ilikuwa ya Kiingereza na yeye alitaka kumweleza bibi yake. Nikamsimulia kwamba mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye mali. "Kwa hiyo hata hii tunaweza?" akauliza. Nikamwambia aanze na neno moja. Akachagua tabaka. Kabla ya hapo alikuwa akiita "shuka," kwa sababu yanatandikwa moja juu ya jingine, na mimi bado nadhani shuka lilikuwa zuri zaidi.

Kila tabaka, pembeni yake, lina alama ya jicho. Ukiligusa jicho, linafumba na tabaka linatoweka. Ukiligusa tena, linafumbuka na tabaka linarudi. Alilielewa hilo kabla sijamaliza kulieleza.

Idi iliyofuata tulikuwa Pangani. Baada ya chakula aliiweka laptopu mkekani, akaunganisha waya wa umeme, akafungua faili. Shangazi zangu wawili walikaa kila mmoja upande wake. Bibi alikuwa kwenye kioo, mkubwa kuliko walivyowahi kumwona tangu afariki, ameligeuza shingo anawatazama. Mtoto akaweka mshale kwenye orodha ya matabaka, akasoma majina mawili kwa sauti, akacheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka.

"Nifumbue la nani kwanza?"

Watu wakanyamaza. Nje mtu alikuwa anakuna nazi. Shangazi mkubwa akavuta miwani kutoka kichwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Anza na la mdogo wangu," akasema.